Kuku Waliochanjwa na Sista

Machi 4, Jumanne

Mvua ya kwanza ya msimu imeshuka leo saa nane mchana bila hodi, nguo zote zikiwa kwenye kamba. Mkamwana alikuwa ndani, ameisikia kama nilivyoisikia mimi, lakini hakuinuka mpaka nilipopaza sauti. Amesema alidhani ni upepo. Mke wa mwanangu ana jibu la kila kitu, na jibu lenyewe halikaushi nguo.

Nimeanza daftari jipya. Kwa miaka thelathini na moja niliandika ripoti ya wodi kila zamu ilipokwisha: nani amelala vipi, nani amepewa nini, nani ametutoka. Huu ni mwaka wa nne tangu nistaafu, ila mkono haujastaafu. Hakuna wa kumkabidhi zamu, basi nalikabidhi daftari.

Hali ya nyumba: watu wanne. Mimi. Mwanangu, ambaye anachomelea mageti na kurudi jioni macho mekundu. Mkewe, wa duka la fotokopi, ambaye anasoma kila karatasi inayopita mikononi mwake hata isiyomhusu. Na mjukuu wangu wa kike, miaka mitano, ndiye pekee anayenisikiliza.

Hali ya banda: kumi na tisa, wote wazima. Matroni ndiye mkubwa wao, mnene, hataki kuguswa. Kishingo hana manyoya shingoni wala aibu usoni. Jogoo nimemwita Daktari wa Zamu kwa sababu anapita mara moja asubuhi, anapiga kelele, kisha haonekani tena.

Machi 5

Mvua. Mayai kumi na moja.

Machi 8, Jumamosi

Bwana mifugo aliyekuwa anatuchanjia kuku amehamishwa, na kideri, ule ugonjwa unaomaliza banda zima, hupenda kuja na msimu huu. Hapa kwenye safu yetu nyumba ni tano na bomba ni moja mwishoni, kwa hiyo hakuna jambo linalobaki siri. Leo bombani lilizungumzwa hilo la chanjo. Chupa moja inatosha kuku mia na ushee, na ukishaichanganya haikai, ndiyo maana huwa tunanunua kwa pamoja. Mama Mapazia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anayeshona mapazia mpaka ndoto zake zina pindo, alisema, kwani Sista yupo wa nini? Wote wakanigeukia. Sitasema uongo humu, nilifurahi. Tangu nitoke wodini hakuna aliyenihitaji kwa kazi niliyoisomea.

Mzee Redio wa nyumba ya mwisho amekataa kuingia kwenye chanjo yetu. Mwaka jana nilimwambia mbele ya watu kwamba uani kwake kunanuka, naye akaniwekea kinyongo. Atanunua chupa nzima kwa kuku wake tisa. Mtu ambaye anatengeneza redio kwa mikono ileile anayolia chakula, ndiye leo mchanjaji.

Machi 9, Jumapili

Nimechanja kuku sitini na tatu wa nyumba nne na mgongo unanipigia kelele, lakini kazi imekwenda kama wodini. Usiku wa jana nililoweka chupa na kitoneshi kwenye dawa ya kuua vijidudu, ile kali niliyozoea. Asubuhi sikuvisuuza, maana ukisuuza kwa maji ya bomba umerudisha uchafu uleule. Maji ya kuchanganyia niliyachemsha, nikayapoza, na kwa kuwa siyaamini hata yakichemka nikatia kifuniko kimoja cha dawa ya maji. Kila kuku tone moja, jicho moja. Mama Mapazia alikuwa akishika, mimi nikitonesha.

Mkamwana alisimama pembeni na ile karatasi inayokuja na chanjo, akaanza kunisomea. Mama, hapa wanasema maji yasi... Nikamkata palepale. Nikamwambia nimechanja watoto wa watu kabla yeye hajajua kunawa. Watu walicheka. Yeye akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba wake, akaenda kumwogesha mtoto.

Machi 13

Mvua siku nzima. Mjukuu amejifunza kuandika K.

Machi 20

Mayai kumi na tatu. Mama Mapazia amenishonea pazia la jikoni, asante ya chanjo. Pindo limepinda kidogo. Sikusema.

Machi 27, Alhamisi

Mkamwana amerudi kutoka kwao, alikwenda kumtazama mama yake siku tatu. Amekuja na boksi lenye matundu, ndani kuna mitetea miwili. Zawadi, anasema, mama yake amenitumia. Mmoja mweupe, mmoja wa madoadoa. Nimeshukuru kwa mdomo. Akauliza kama tuwaweke kando kwanza, kwenye stoo, siku chache. Sasa ananifundisha karantini. Nikamwambia wangu wamechanjwa, hawana cha kuogopa, wafungulie. Amewafungulia.

Matroni aliwapokea kwa kuwadonoa, kama anavyostahili matroni kumpokea mwanafunzi.

Aprili 2

Mvua imevunja ukingo wa mfereji. Uani ni tope tupu. Kuku wa safu nzima wanachakura kwenye jalala moja kule kwa Mzee Redio, ndiko kukavu.

Aprili 4, Ijumaa

Matroni hakushuka kwenye kijiti asubuhi. Nimemkuta amejikunyata, manyoya yamesimama, macho nusu wazi. Kinyesi kijani. Yule mgeni mweupe anahema kwa mkoromo. Nimewapa maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nimewatenga wote wawili jikoni, kwenye beseni.

Aprili 5

Mgeni mweupe amekufa asubuhi. Wa madoadoa jioni. Matroni bado.

Aprili 6, Jumapili

Matroni ametutoka saa tatu asubuhi, mapajani kwangu. Saba wameanza.

Aprili 7, Jumatatu

Naandika hili ili mtu asije kuniambia sikuona.

Ugonjwa unaanza na usingizi. Kuku anasimama katikati ya wenzake kama mtu aliyesahau alichofuata. Mabawa yanashuka. Kesho yake ni mkoromo, kamasi, kinyesi cha kijani. Wengine hawafiki huko, unawakuta tu asubuhi miguu juu. Na wale wanaovuka siku ya pili shingo inaanza kupinda. Kishingo ameizungusha yake mpaka kichwa kinatazama mgongo, na kwa kuwa hana manyoya unaona kila mshipa ukijikaza. Alikuwa anataka kula. Anaidonoa punje, inampita pembeni. Nimemlisha mwenyewe, punje moja moja, tangu saa mbili hadi saa sita. Saa saba alikufa.

Daktari wa Zamu anatembea kinyumenyume. Mjukuu alicheka mwanzoni, akadhani anacheza. Kisha akaniuliza, bibi, mbona hukuwapa dawa? Nikamwambia niliwapa. Akauliza, sasa kwa nini? Watoto hawana adabu ya kuuliza swali moja na kuliacha.

Mwanangu amechimba shimo nyuma ya choo. Mvua inalijaza kabla hajamaliza, anachota maji kwa kopo, anachimba tena. Tumewatia wanane wa leo, majivu juu yao. Mkamwana alikuwa akiwabeba kutoka bandani mmoja mmoja, mikono miwili, wala hakuziba pua. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli. Lakini nilipomtazama niliona boksi lile lenye matundu, sikuona kitu kingine.

Kwa Mama Mapazia wamekufa watano. Nyumba ya pili na ya tatu nako wanakoroma.

Aprili 9, Jumatano

Daktari wa Zamu amekwenda. Wamebaki wawili. Nyumba ya tatu wanachinja wanaoumwa, wanakula. Nimewakataza. Wamenijibu, Sista, wewe si ulisema hawataumwa?

Aprili 10, Alhamisi

Banda tupu.

Jioni mvua ilisita kidogo, watu wote wakatoka kuteka maji. Nilikuta foleni. Mama Mapazia hakunisogelea kama kawaida yake. Alikuwa amepoteza kuku wote kumi na wanne, na mtu aliyelia anajulikana hata akinawa. Aliuliza kwa upole tu, na ule upole ndio ulionikata maini: "Sista, si tulichanja?"

 Kila mtu ameshika ndoo yake, kila mtu ananitazama.  Miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama lile mbele za watu.

Nikasema: "Tulichanja. Lakini chanjo haina ubavu na ugonjwa unaoletwa mlangoni kwenye boksi. Muulizeni mke wa mwanangu alileta nini kutoka kwao."

Alikuwa pale pale, wa tatu kwenye foleni, mtoto amemshika sketi. Watu wakageuza macho kutoka kwangu wakayapeleka kwake, na mimi, Mungu anisamehe, nilipata nafuu kama mtu aliyetuliwa mzigo.  Nikangoja ajibu, yeye wa majibu. Hakujibu. Alisubiri zamu yake, akajaza ndoo, akaondoka.

Usiku mwanangu ameniambia, mama, ungelisema nyumbani. Nikamwambia ukweli hauna nyumbani wala nje.

Aprili 13, Jumapili

Katika kuku sitini na tatu wa nyumba nne wamebaki wanne, na hao wanne shingo zimepinda.

Mama Mapazia amekuja kuketi nami, kama zamani. Ameleta chai kwenye chupa. Tumemsema mkamwana mpaka chai ikaisha. Namna anavyotembea, namna asivyosalimu kwa sauti, namna alivyomfanya mwanangu asinipitie tena dukani. Miaka mitatu tangu wahamie kwangu nilikuwa nayasema haya peke yangu, sasa nina msaidizi. Nililala vizuri.

Aprili 15

Mvua. Bombani mkamwana akifika watu wanasogeza ndoo zao. Si kumpisha.

Aprili 17, Alhamisi

Mjukuu amerudi kutoka kwa wenzake analia. Wamemwambia mama yake ndiye aliyeua kuku wa mtaa mzima na asiguse kamba yao ya kurukia. Mkamwana alimfuta uso, akamwambia kesho watacheza wao wawili. Kisha akaja jikoni nilipokuwa nachambua mchele, akasimama. Nikajua sasa analipua. Alichosema ni kwamba sabuni imekwisha, anunue ipi?

Ningependa angepiga kelele. Mtu akipiga kelele unajua pa kumshika.

Aprili 19, Jumamosi

Amekwenda kwao na mtoto. Anasema wiki moja. Amechukua nguo zake zote na viatu vya shule vya mtoto, na shule zimefungwa.

Mwanangu alibeba begi hadi kituoni, akarudi, akakaa kwenye ngazi ya mlango akiitazama mvua. Nilimpelekea chakula. Alisema asante mama, hakula.

Aprili 22

Mvua. Tumekula wawili. 

Aprili 26

Wiki imepita.

Aprili 27, Jumapili

Mwanangu amekwenda ukweni, amerudi jioni. Nimemuuliza, wanakuja lini? Amesema mtoto anakohoa, wangoje apone. Nikasema mlete kwangu nimtazame, mimi si nesi?  Alitazama kule nyuma ya choo, shimo lilipo, kisha akaingia ndani.

Aprili 30

Hakuna cha kuripoti.

Mei 3, Jumamosi

Leo nimeona kitu.

Mvua ilikatika asubuhi, nikatoka kupeleka taka jalalani. Juu ya jalala walikuwa kuku. Si wawili watatu. Nikawahesabu mara mbili: tisa. Tisa wa Mzee Redio, wanachakura, manyoya yanang'aa, jogoo wake anawika kwa dharau. Wiki tatu hizi nilikuwa nikijifungia na banda langu tupu, sikujua. Wale wale waliokuwa wakila jalala moja na wangu, na wageni wa mkamwana wakiwa katikati yao.

Damu ilinipanda. Nikajua amenunua dawa nyingine, ya kificho, akatuacha tufe. Nikaenda hadi mlangoni kwake na ndoo ya taka mkononi. Alikuwa ameinamia redio, bisibisi mdomoni. Nikamuuliza aliwapa nini. Alitoa bisibisi, akasema: "Chanjo ileile, Sista. Duka moja, siku moja, mimi na wewe tuliachana mlangoni."

Nikamwambia si kweli. Hakukasirika. Aliinuka akafungua droo ya misumari, akatoa karatasi. Ni fotokopi. Alisema mkamwana wako alinitolea nakala, siku ileile mliyochanja, maana mimi sijui mambo haya, nikafuata ilivyoandikwa. Akaongeza kwamba yeye alidhani ninayo.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Halafu nikaomba kiti.

Dawa yenyewe ni hai. Inabidi iingie kwa kuku ikiwa hai. Maji yachemshwe na kupozwa, yasiwe na dawa yoyote. Vyombo visioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu, visuuzwe kwa maji matupu yaliyochemshwa. Imeandikwa kwa herufi nene, kwa lugha ya mtu yeyote, hata mtoto wa darasa la nne. Na mkamwana alikuwa amefika pale pale kwenye "maji yasi" nilipomkata.

Niliiua chanjo kabla ya kuitonesha. Niliwatia kuku sitini na tatu maji machoni.

Mzee Redio alinipa maji ya kunywa kwenye kikombe chenye alama za grisi. Nimeyanywa.

Mei 4

Nimefungua nyuma nikasoma Machi 27. Boksi, stoo, wafungulie. Mwandiko ni wangu. Hata kama ugonjwa ulikuja na wale wageni, aliyewafungulia mlango ni mimi, na aliyeuliza tuwatenge ni yeye.

Mei 5, Jumatatu

Nimeamua kutosema. Kuku hawatafufuka. Nyumba hizi nne zinaniita Sista, usiku mtoto akipata homa wananigongea mimi kwanza. Nikisema, watanigongea tena? Mzee Redio si mtu wa maneno. Nitamwambia mwanangu amrudishe mkewe, nitakuwa mpole, yataisha.

Mei 6

Mama Mapazia kaja na chai, kaanza tena kumsema. Nikamwambia nina kichwa.

Mei 7

Wodini tulikuwa na kijana mmoja aliyekosea dozi, akamsingizia mwenzake. Mimi ndiye niliyesimama nikasema afukuzwe. Nilisema mtu wa aina ile hafai kushika mgonjwa. Nililisema kwa sauti, na nilijisikia vizuri kwa wiki nzima.

Mei 9

Mvua. Sijala.

Mei 11, Jumapili

Mkamwana amekuja, peke yake. Amefuata vyeti vyake na mashuka ya mtoto. Mwanangu alikuwa kazini. Nilimkaribisha kama mgeni, nikashindwa hata kujua nimwambie akae wapi, na hapa ameishi miaka mitatu. Alikaa ukingoni mwa kiti.

Nilimwambia nimeiona karatasi. Nilidhani uso wake utabadilika. Alisema tu, "Kwa Mzee Redio?" Nikasema ndiyo.

Nikamuuliza kama alijua siku ile bombani. Alijua. Alijua tangu kuku wa kwanza alipoanza kusinzia, kwa sababu alikuwa ameisoma karatasi mpaka mwisho akiwa anamwogesha mtoto. Nikamuuliza, sasa kwa nini ulinyamaza, mbona uliniacha nikakuvua nguo mbele za watu?

 Alikuwa akikunja shuka la mtoto na hakuacha kulikunja.

"Ningesema, mama, wangekufanya walivyonifanya mimi. Mimi nina kwetu. Wewe hapa ndiyo kwako."

Nililia. Sikumbuki mara ya mwisho kulia mbele ya mtu. Hakuja kunishika, na sikumtegemea anishike. Nilimwambia nitamweleza mumewe leo hii hii, nitamwomba radhi, arudi. Alisema mumewe anajua, alimwambia tangu Aprili, na alimwapisha asinitamkie. Basi mwanangu alikuwa akipokea chakula changu kwa mwezi mzima akijua. Ndiyo maana hakuwa anakila.

Alifunga begi. Mlangoni akaniaga kwa heshima zote, kwa namna ya shikamoo yake ileile niliyokuwa nikisema haina sauti. Ina sauti. Mimi ndiye niliyekuwa naitika nikiwa nimegeuka upande mwingine.

Mei 12, Jumatatu

Nimesema.

Nilingoja jioni, foleni ilipojaa. Nilisimama pale pale niliposimama Aprili, kwa makusudi, na ndoo yangu. Nikasema, naomba mnisikilize. Nikaeleza dawa ya maji, chupa, kitoneshi, karatasi niliyokataa kusomewa. Nikasema mke wa mwanangu hakuua kuku wa mtu, aliyewaua ni mimi, na nilipojua nimekaa na jambo hili siku tisa nikitafuta namna ya kulizika. Nilimaliza. Maji yalikuwa yakimwagika kwenye ndoo iliyojaa, hakuna aliyefunga bomba.

Mama Mapazia ndiye aliyeongea. Alisema, "Na chai yangu ulikuwa unakunywa." Akainua ndoo yake ambayo haikufika nusu, akaenda.

Wengine wakateka. Ilipofika zamu yangu aliyekuwa nyuma yangu alisogeza ndoo yake mbele, na mimi nikampisha.

Mwanangu alisikia akiwa njiani. Ameingia, akaniinamia, akaniwekea mkono begani. Muda mfupi hivi. Kisha akasema wamepata vyumba viwili karibu na duka la fotokopi, na walishakubaliana na mwenye nyumba tangu wiki iliyopita.

Mei 14

Mtoto wa nyumba ya pili ana homa. Nimeona wakimpitisha mlangoni kwangu, wamempeleka zahanati.

Mei 15

Pazia la jikoni nimelivua, nikalifua, nikalikunja, nikalipeleka kwa mwenyewe. Hakufungua. Nimeliacha mlangoni kwake.

Mei 16

Mvua inapungua. Nimeteka maji saa sita mchana, wakati wa jua, hakuna watu.

Mei 18

Mwanangu amebomoa banda. Anasema mabati yatamfaa. Nimemshikia misumari.

Mei 21, Jumatano

Wamekuja kuchukua kitanda na kabati. Gari dogo la mizigo, dereva anapiga honi kana kwamba tunamchelewesha harusi. Mjukuu hakuja, yuko kwa bibi yake mwingine. Nimeumia kusikia hivyo, "bibi yake mwingine", mwanangu alisema bila kujua.

Wakati wanaume wanafunga kamba mkamwana aliingia jikoni akaona pipa tupu. Akauliza nateka saa ngapi siku hizi. Nikamwambia.  Alichukua ndoo zote mbili, akanishika mkono kwenye kiwiko, tukatoka. Ilikuwa saa kumi, watu wote wako bombani, Mama Mapazia yuko mbele. Nilitaka kurudi, akanikaza. Alisalimia mtu mmoja mmoja, kwa sauti, na mmoja mmoja ikabidi aitike. Watu hao hao waliomsogezea ndoo sasa hawakujua waangalie wapi. Tulisimama kwenye foleni, yeye mbele, mimi nyuma yake, na aliyetaka kupita alimkuta yeye. Alijaza ndoo mbili akanibebea hadi ndani, akamimina pipani, akarudi mara ya pili na ya tatu peke yake mpaka pipa likajaa.

Nilimwita mwanangu. Si mume wake, yeye. Sijawahi kumwita hivyo. Nikasema, "Mwanangu, rudini."

Alikuwa akifuta mikono. Alisema, "Hapana, mama. Nimekusamehe, lakini hapa sirudi." Hakuna ukali wowote ndani yake, ni kama mtu anayekutajia saa. Kisha, labda kwa sababu aliniona uso, akasema atamleta mtoto nimwone. Jumapili.

Nikasema asante.

Gari limeondoka saa kumi na moja na nusu. Hakusema Jumapili gani, na mimi sikuthubutu kuuliza.